Nyumba Mbili, Hati Moja

Baba alipofariki alituachia kiwanja kimoja Nyakasimbi, kando ya barabara, chenye nyumba mbili. Ya mbele alimpa kaka yangu. Ya nyuma alinipa mimi, binti yake pekee. Alitamka hivyo angali na nguvu, mbele ya ndugu na mzee wa kanisa, na hakuna aliyepinga kwa sauti. Shida ni kwamba hati ilikuwa moja. Mirathi ilipokwisha, majina yetu yaliandikwa pamoja, na hapakuwa na mpaka wowote unaoonyesha chake kinaishia wapi na changu kinaanzia wapi.

Mimi nilikuwa naishi Rugu na mume wangu. Nyumba yangu niliipangisha kwa mke na mume waliotoka upande wa wafugaji. Mume alishinda machungani, mke aliuza maziwa na chai. Kaka naye alimpangisha mnunuzi wa kahawa. Katikati ya nyumba hizo palikuwa na banda la jiko ambalo wapangaji wote walilitumia, paa lake likigusa mabati ya huku na ya kule. Kila nikifika pale nilitazama moto wa kuni chini ya paa lile na roho haikutulia. Ndipo nikamwita wakala wa bima.

Alizunguka kiwanja chote, akapiga picha, akauliza nani anaishi wapi na anapikia nini. Halafu akanieleza kwamba kila nyumba ingeelezwa peke yake ndani ya mkataba, lakini kwa kuwa hati ni moja, mkataba ungekuwa mmoja na wenye bima tungekuwa wawili.

"Siwezi kukata yangu tu?" nilimuuliza.

"Unaweza, dada, lakini ukitaka hivyo tenganisheni hati kwanza. Pimeni, mgawane."

Nilimpelekea kaka maneno hayo. Alikuwa chini ya migomba yake anakata majani makavu. Alinisikiliza bila kuacha kukata.

"Kugawana hakuna," alisema. "Kiwanja cha baba hakikatwi kama keki ya harusi. Hiyo bima yako nitasaini, ili uache kunisumbua."

Akasaini. Mwaka wa kwanza ukapita salama.

Kisha mnunuzi wa kahawa akahama, na nyumba ya mbele ikabaki tupu. Kaka akapata mtu wa kununua, ila mtu huyo alitaka kiwanja kizima au aache. Kaka alinifuata mpaka Rugu. Nilimwambia siuzi. Alinikamata shingoni pale pale sebuleni kwangu, akanibana ukutani hadi nikaona giza. Mume wangu ndiye aliyemtoa. Alipokuwa anaondoka alitema mate mlangoni, akasema, "Tutaona nani atalala ndani ya nyumba hiyo."

Tulimpeleka kwa wazee wa ukoo. Walimkanya, akaomba radhi, tukapeana mikono. Mkono wake ulikuwa wa baridi.

Jumapili moja nilitoka ibadani nikapitia Nyakasimbi kuangalia bomba lililokuwa linavuja. Nilikuwa nimeinama kwenye bomba niliposikia mlango wa nyumba yangu unapigwa mateke. Kaka alikuwa amesimama pale, ananuka rubisi, pombe ya ndizi, panga mkono wa kulia, kidumu cha petroli mkono wa kushoto.

"Tokeni!" alikuwa anafoka. "Tokeni kwenye nyumba ya baba yangu!"

Mpangaji wangu, yule mama muuza chai, alifungua mlango, bado ameshika upawa. Sijui alitaka kusema nini. Kaka alimpiga usoni kwa ubapa wa panga. Nilisikia mfupa ukivunjika, mlio mdogo mkavu, na yule mama akaanguka chali na damu ikimtoka mdomoni. "Mawe! Mawe!" alilia, akimwita mama yake kwa lugha ya kwao.

Nilimrukia kaka mgongoni. Alijitikisa, akageuka, na panga likanipitia mkononi, chini kidogo ya kiwiko. Sikusikia maumivu wakati huo. Niliona tu nyama yangu imefunguka, nyeupe, kisha ikajaa damu. Akamwaga petroli mlangoni na dirishani. Nilimshika yule mama kwapani kwa mkono wangu mmoja mzima, nikamburuta hadi kwenye miti ya kahawa. Nyuma yetu moto uliwaka kwa kishindo, kama mtu amepiga mlango kwa hasira.

Upepo ulikuwa unaelekea barabarani. Moto ulipanda banda la jiko, ukatembea kwenye paa lake, ukaingia nyumba ya mbele. Kaka alikuwa bado amesimama akitazama nyumba yangu ikiungua. Alipogeuka na kuona yake nayo inawaka, alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima. Alikimbilia ndoo.

Hakufika. Mume wa mpangaji alikuwa ametokea na fimbo yake ya kuchungia. Alimpiga mkononi, panga likaanguka. Alimpiga magotini, kaka akaanguka. Watu waliotoka makanisani walikuwa wamejaa, na kila mmoja aliongeza lake: teke, jiwe, tofali. Kaka alijikunja na kuziba kichwa. Nikasikia mtu anasema, "Mchomeni na yeye!" na kijana mmoja akaokota kile kidumu, kilichokuwa bado na petroli.

Nilikivamia kidumu. Tulivutana, kikapinduka, petroli ikanimwagikia gauni zima. Nikabaki nimesimama juu ya kaka, nimelowa, na mabati yanalipuka nyuma yangu cheche zikiruka. Watu walirudi nyuma wenyewe. Hakuna aliyethubutu kuwasha kitu. Sikuwa nimemsamehe. Sikutaka tu kumwona anaungua.

Polisi walimchukua akiwa hai. Mimi na mpangaji wangu tulipelekwa hospitali kwenye gari moja. Mimi nilishonwa mkono, yeye alifungwa taya kwa waya.

Mama yetu alikuja wodini kesho yake. Alikaa pembeni ya kitanda, akanishika mguu juu ya shuka.

"Mwanangu, watu wa bima wakija, waambie ni nyaya za umeme."

"Mama, watu wote wameona."

"Walioona ni majirani zetu. Nitaongea nao. Mtalipwa wote wawili, mtajenga, na kesi ya kaka yako itakuwa nyepesi."

Kitanda cha pili, mpangaji wangu alikuwa anatutazama. Hakuweza kuongea. Nilimuuliza mama yangu kama nyaya za umeme ndizo zilizovunja taya lile. Aliuachia mguu wangu, akaondoka. Tulikaa bila kusemeshana mpaka msimu wa kahawa ukapita.

Mkaguzi wa bima alipokuja nilimweleza yote. Aliandika, kisha akasema kampuni hailipi moto uliowashwa kwa makusudi na mwenye bima.

"Mimi sikuwasha," nilisema.

"Najua. Lakini mkataba ni mmoja, na ndani yake ninyi wawili mnahesabiwa mtu mmoja."

Niliandika malalamiko, nikayafuatilia hadi Bukoba. Jibu halikubadilika. Wapangaji wangu walirudi kwao, upande wa Kyerwa. Sijawalaumu.

Kaka alifungwa. Akiwa gerezani alikubali kiwanja kigawanywe, na mpima akaja akachimbia mawe ya mpaka. Nilijenga upya polepole, vyumba viwili na jiko lililojitenga. Nyumba hiyo ina hati yake, na bima yake ina jina langu peke yangu. Upande wa kaka zimebaki kuta nyeusi.

Ametoka mwaka huu. Anaishi kwa mama na anakuja pale kulima maharage ndani ya kuta zilizoungua. Wiki iliyopita nilimkuta.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba." Aliegemea jembe, akaitazama nyumba yangu kwa muda. "Hiyo umeikatia bima?"

"Nimeikatia."

"Na huku kwangu?"

"Huko ni kwako, kaka."

Alitikisa kichwa, akaendelea kulima. Nilitembea kinyumenyume, nikimtazama yeye na jembe lake, mpaka nilipokanyaga barabara.