Mashine Aliyoificha Baba Yako

Ninaikumbuka alasiri ile kama ya jana, mwanangu. Nilikuwa nachambua mchele nyuma ya nyumba yetu ya Muganza, wewe umelala mgongoni mwangu, nikasikia kitu ambacho mpaka leo kikinijia huwa naacha ninachofanya. Nilisikia mashine inazunguka, lakini sikusikia miguu.

Nitakueleza taratibu. Juzi ulininyooshea simu yako ukanionyesha picha za mashine za mazoezi: moja ya kukimbilia, moja kama baiskeli, nyingine ya kuvuta kwa mikono kama mtu anayepiga kasia. Ukaniuliza, "Maman, nichukue gani?" Nikakwambia uniache nifikiri. Sikuwa nafikiri juu ya mashine, Didier. Nilikuwa nafikiri juu ya baba yako, na juu ya mambo ambayo tulikuficha kwa sababu ulikuwa mdogo. Sasa daktari amekwambia damu yako ina presha kubwa, na kazi yako ni ya kukaa kitini tangu asubuhi mpaka jioni. Umefika wakati wa kuyasikia.

Baba yako Faustin alikuwa mtu wa nguvu. Tulikulia Bukavu wote wawili, na tuliporudi huku Rwanda alipata kazi kwenye kiwanda cha simenti, kwenye mashine za kusaga mawe. Wenzake walimpenda kwa nguvu zile. Mfuko uliowashinda wawili aliuinua peke yake, na alipenda watu wamwone anauinua. Halafu akaanza kuishiwa pumzi. Akipanda njia ya machimboni alisimama katikati, anajifanya anafunga kamba za viatu. Siku moja akavuka mpaka peke yake, akaenda kumwona daktari wa moyo Bukavu. Aliporudi alinivuta chumbani, akaniambia moyo wake umechoka. Amepewa dawa, na ameambiwa autembeze mwili kila siku, polepole, bila kujilazimisha.

"Usimwambie muntu," akasema. "Bakijua ku kazi, batanitoa."

Nilikubali. Nilikuwa kijana, nilidhani kutunza siri ya mume ndiyo heshima.

Alijaribu kwanza kutembea barabarani jioni. Lakini unajua kwetu. Mwanaume mzima anatembea bila mzigo, bila safari, kila anayekutana naye anauliza: "Papa Didier, unaenda wapi? Kuna msiba?" Wiki haikuisha akaacha. Ndipo alipoamua kununua mashine, afanyie mambo yake ndani.

Hakumuuliza mtu. Huko Bukavu palikuwa na familia ya wageni iliyokuwa inarudi kwao, inauza vitu vya nyumbani, na kati ya vitu hivyo kulikuwa na mashine kubwa ya kukimbilia, yenye taa na namba mbele. Akaichagua hiyo. Nilipomuuliza kwa nini hiyo, alisema ndiyo wanayotumia wanamichezo. Nilielewa. Alitaka mtu akiingia kwa bahati mbaya na kuiona, aseme huyu bwana ana nguvu, asiseme huyu bwana anaumwa.

Yeye na mdogo wake Célestin, ambaye wakati ule tulikuwa tunaishi naye, waliibeba mpaka chumba cha nyuma tulichokuwa tunawekea mahindi. Ilijaa chumba chote. Nyuma yake ulibaki upenyo mdogo tu, halafu ukuta. Ilikuwa na kamba nyekundu yenye kibanio, mtu anakibana kwenye shati lake ili akianguka mashine isimame yenyewe. Faustin aliing'oa kamba ile akaitupa. Alisema inamsumbua.

Kila alipotoka kazini aliingia mle, anafunga mlango kwa komeo, anafungulia redio kwa sauti kubwa. Mwanzoni nilisikia anatembea. Baada ya muda hatua zikawa za haraka, halafu zikawa za kukimbia. Nikamwambia, "Papa Didier, munganga alisema polepole."

"Polepole ni ya bazee," akanijibu, akacheka.

Basi alasiri ile redio ilikuwa inaimba, mkanda wa mashine unalia kama kawaida, na miguu ikanyamaza. Nilisubiri nikidhani anashuka. Hakushuka. Nikamwita. Nikagonga. Nikaanza kupiga kelele, na Célestin akaja mbio akauvunja mlango kwa bega.

Baba yako alikuwa amelala kwenye ule upenyo, kati ya mashine na ukuta. Midomo yake ilikuwa rangi ya majivu. Mkono wake mmoja ulikuwa umebanwa chini, na mkanda bado unazunguka unamla ngozi. Hakuwa na nguvu ya kuuvuta mkono wake mwenyewe. Célestin alichomoa waya ukutani. Mimi nilipiga magoti nikalitaja jina la Yesu, sikupata neno lingine. Jirani yetu dereva alimpakia kwenye lori la simenti, na njia nzima mpaka hospitali nilikishika kichwa chake, wewe unalia mgongoni.

Mungu alimrudisha. Kesho yake mama yake, bibi yako Maman Venantie, alifika kutoka Bukavu na chungu cha uji kichwani. Hakulia. Alimnywesha mwanawe uji mpaka ukaisha, akafuta kijiko, halafu akaanza kumuuliza.

"Mashini ile, nani alikuambia ununue?"

"Hakuna, Maman. Nilichagua miye mwenyewe."

"Munganga alisema ukimbie?"

"Alisema polepole."

"Na mulango, ju ya nini ulikuwa unaufunga?"

Faustin akageukia ukutani. Kisha akasema, "Sikutaka bantu bajue."

"Bibi yako huyu, mama ya mutoto wako, alikuwa hapo inje na mutoto ku mugongo. Ungekufa karibu yake, yeye anachagua muchele. Mashini ile hukuichagua ju ya moyo yako, Faustin. Uliichagua ju ya macho ya bantu."

Akatugeukia mimi na Célestin. "Na nyinyi. Mulikuwa munasikia anakimbia, mukanyamaza. Heshima gani hiyo?"

Mwanangu, nimekemewa na watu wengi katika maisha yangu. Kemeo lile ndilo lililonikaa.

Kabla hatujatoka hospitali nilimfuata daktari, Faustin akiwapo, nikamuuliza wazi ni mashine gani mtu kama huyu anaweza kutumia. Naye akatuuliza maswali ambayo hatukuwa tumejiuliza. Magoti yake yakoje? Yalikuwa yameharibika kwa kusimama kiwandani. Umeme kwenu unakaa? Unakatika bila taarifa. Nyumba ina nafasi gani? Nani anakuwa nyumbani wakati wa mazoezi? Mwishoni akasema, baada ya kupumzika kama alivyomwelekeza, tutafute ile iliyo kama baiskeli, inayokaa mahali pamoja, isiyohitaji umeme, ambayo miguu ikisimama nayo inasimama. Akamwambia Faustin: ukiwa juu yake uweze kuongea na mtu. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza. Kifua kikiuma, shuka uje hapa.

Alipopata nguvu tulikwenda Bukavu kutafuta. Muuzaji alitupeleka moja kwa moja kwenye mashine kubwa ya kukimbilia, mpya inang'aa. Faustin aliugusa mshikio wake, halafu akarudisha mkono. Alizipanda zile za baiskeli, moja baada ya nyingine. Ya kwanza kiti chake hakikupanda juu, magoti yalimgonga kifua. Nyingine ilitikisika akianza tu kukanyaga. Tukapata moja nzito chini, kiti kipana, inazunguka bila kelele. Alikaa juu yake muda mrefu, anakanyaga na kunisimulia habari za utoto wake mtaa ule, mpaka muuzaji akaanza kutukasirikia.

Kwenye daraja la mpakani la Rusizi ya pili tulikuwa tunaibeba, yeye mbele mimi nyuma, tunapumzika kila mara. Palikuwa na watu wengi wa biashara wanavuka. Mama mmoja mwenye beseni la nyanya akatupigia kelele: "Papa, kinga yako hii, magurudumu yake bameiba?" Watu wakacheka. Unajua kule kwetu baiskeli tunaiita kinga.

Nilimtazama Faustin. Nilijua atasema ni ya mtu mwingine, au atacheka nao tupite. Akaiweka chini. Akasema kwa sauti ambayo wote waliisikia:

"Hapana, Maman. Niko mugonjwa wa moyo. Hii njo dawa yangu."

Kicheko kikakatika. Yule mama akalitua beseni lake. "Papa yangu alikufa na moyo," akasema. "Hatukujua hata kama anaumwa." Akamwachia mwenzake nyanya zake, akashika upande wa baba yako, akaibeba na mimi mpaka upande wa pili.

Wiki ile ile Faustin alikwenda mwenyewe kwa mkuu wake wa kazi akamweleza. Hawakumfukuza. Walimtoa kwenye mashine za mawe wakampeleka stoo ya vipuri. Usidhani ilikuwa rahisi. Vijana aliokuwa anawaongoza walipita mbele ya ile stoo, na wengine hawakumsalimia. Alikula chakula chake kimya siku nyingi. Lakini baiskeli ile aliiweka barazani, mbele, mahali pa watu. Majirani walizoea kuja kuongea naye akiwa anakanyaga, na mimi nilikuwa napita nasikiliza pumzi yake bila kujificha.

Moyo wake haukurudi kuwa mpya. Ila alikuwapo ulipoanza shule, alikuwapo ulipopata kipaimara, na Bwana alipomwita alikuwa kitandani kwake, sisi sote tumemzunguka, mama yake amemshika miguu. Hakufa nyuma ya mlango uliofungwa.

Kwa hiyo, mwanangu, usianze na picha za kwenye simu. Anza na daktari, umwambie kila kitu, hata kinachokutia aibu. Halafu tazama mwili wako ulivyo leo, siyo ulivyokuwa shuleni ukicheza mpira. Tazama magoti yako, umeme wa nyumba yako, na nafasi iliyopo, hasa nyuma ya mashine, mahali mtu anapoangukia. Nenda uipande mwenyewe kabla hujaichukua, uongee ukiwa juu yake. Ukichagua ya kukimbilia, kamba ya usalama usiing'oe hata ikikusumbua. Na mashine yoyote utakayoileta, iweke mahali ambapo mke wako atakuona na kukusikia. Mwambie jinsi moyo wako ulivyo. Waambie na wa kazini wanaopaswa kujua. Atakayekucheka atacheka, utamwacha.

Ndiyo jibu langu. Mungu aliyempa baba yako ile miaka akupe na wewe mingi zaidi, akulindie pumzi yako, awaweke karibu nawe watu wa kukuuliza hali na akupe moyo wa kuwajibu kweli. Wanao wakuzike ukiwa mzee sana. Amina.