Viatu vya Punda

Mtumba ulipofunguliwa asubuhi ile ya mwaka 2004 katika soko la Kitale, Rosaline Kabura aliona viatu vyeusi vya ngozi, vimefungwa kamba pea kwa pea, vizima kama vya dukani. Alivuta pea moja akaigeuza. Chini ya kisigino palikuwa na kipande cha chuma. Chini ya vidole, kingine.

Gachanja, aliyeuza masweta kibanda cha pili, alicheka hadi akashika nguzo.

"Mama Levi, pole! Wazungu wamekutumia viatu vya punda!"

"Wacha mdomo, Gachanja."

"Si nakusaidia? Peleka kwa watu wa mikokoteni. Kila mtu anunue pea mbili, punda ana miguu minne, bana!"

Waliokuwa karibu wakacheka pia. Rosaline hakuendelea kujibizana, kwa sababu kuongea kulimchosha. Zamani alikuwa soprano wa mbele katika kwaya ya kanisa letu pale Kibomet, yule ambaye akichelewa, watu hutazama mlangoni kwanza kabla ya kuanza wimbo. Kisha akatolewa goita, uvimbe wa shingoni. Kidonda kilipona vizuri, lakini sauti ilirudi nusu, kavu, yenye mkwaruzo wa kiti kinachokokotwa sakafuni. Jumapili moja alisimama tena na wenzake, akafungua kinywa, akakifunga. Tangu hapo aliketi nyuma, kitabu cha nyimbo mapajani, bila kukifunua.

Basi siku ile alitia mikono ndani ya viatu akapiga ubao wa kibanda. Ta. Ta-ka. Taka-taka ta. Akanyamaza. Akapiga tena kwa ncha tu, ikatoka sauti nyembamba ya kijiko kwenye glasi. Nilikuwa nimekuja kutafuta raba za wanafunzi wangu, nikamkuta ameinamisha kichwa anasikiliza. Uso ule sikuwa nimeuona tangu aache kuimba.

Kabla hajanisalimu alitazama miguu yangu.

"Mwalimu, wewe ni namba sita?"

"Saba."

"Basi wewe ni alto."

Hivyo ndivyo kikundi kilivyopatikana: viatu ndivyo vilivyochagua watu. Vidogo vilikuwa na sauti kali, vikubwa sauti nzito, naye akavigawa kama mwalimu wa kwaya anavyogawa waimbaji. Nakhumicha, msusi wa saluni mwenye miguu ya mtoto, akawa soprano wa pili. Waimbaji wa teno walitoka kwenye duka la mbegu. Pea kubwa kuliko zote ilikaa bila mwenyewe mpaka Rosaline alipomwona Mzee Makokha, mstaafu wa kiwanda cha karatasi cha Webuye, akivuka barabara na ndala ambazo visigino vilikuwa vimezishinda. Alimkimbilia.

"Mzee, simama hapo hapo! Hiyo miguu naitaka!"

"Ati unataka nini?"

Hivyo tukapata besi.

Mimi nilisomea muziki, na chuoni niliwahi kuona filamu ya zamani ambamo watu walicheza na viatu vya namna hii. Nilimweleza nilichokumbuka.

"Walikuwa wanacheza tu?" aliuliza.

"Walicheza, na miguu ikatoa mdundo."

"Sisi tutaimba."

Tulifanyia mazoezi katika ghala la mahindi la shemeji yake, juu ya mbao zinazotandikwa chini ya magunia yasipate unyevu. Magunia yalikuwa yameshauzwa, mbao ziko wazi. Hatukuwa na ngoma wala kinanda. Makokha alishika besi kwa visigino, taratibu, bila kuyumba. Alisema kiwandani mashine ikibadilisha mwendo kidogo tu, hata aliyesinzia huamka, kwa hiyo yeye habadilishi. Alto na teno tulipita katikati. Nakhumicha alitua juu yetu kama matone ya kwanza ya mvua kwenye mabati. Rosaline aliuliza kwa ncha ya kiatu, nasi tukajibu. Siku sauti zote nne zilipokutana, tulisimama tukatazamana, halafu tukapiga mayowe kama wasichana siku ya kufunga shule. Hata mimi nilipiga, mimi ambaye furaha ikinijia huanza kuipungia mkono wa kwaheri.

Ndipo Rosaline akataka twende tamasha la kwaya Bungoma. Mwenyekiti wake, Mzee Wabwile, alitupokea kwa adabu, akatuwekea viti.

"Sasa mama, waimbaji ni wangapi?"

"Sisi wote."

"Na sauti inatoka wapi?"

Rosaline alionyesha miguu. Mzee alitabasamu. "Hapana, mama. Kwaya ni sauti, na nyinyi sauti hamna. Lakini siwafukuzi. Mtachangamsha watu wakati wa soda."

Hakuwa na habari ya goita. Tulipofika stendi Rosaline alitugeukia.

"Kuchangamsha sitaki," alisema. "Nataka wanyamaze wanisikie, hata mara moja. Wakikataa kunyamaza, hivi viatu narudisha sokoni. Gachanja auzie punda wake."

Tulijua hatanii.

Siku yenyewe ukumbi ulifurika. Mshereheshaji, Barasa, alishika kipaza sauti: "Sasa tunakaripisha watu wa fiatu fya fyuma kutoka Kitale! Kunyweni sota, lakini msilale!"

Jukwaa lilikuwa la mbao kavu, tupu kwa chini. Kisigino cha kwanza cha Makokha kilinguruma mpaka kifuani mwangu. Tukaingia mmoja mmoja, na mioyo ikatupaa. Hatukuwahi kusikika vizuri hivyo! Lakini watu wa Bungoma hawasikii mdundo mtamu wakakaa. Mabega yakaanza kutikisika. Kina mama wakapiga vigelegele. Mtu wa kwaya nyingine akachomoa kayamba. Ukumbi ulifurahi, sisi tukazama. Sikuisikia tena miguu yangu mwenyewe.

Nakhumicha akaongeza nguvu, akidhani tutawashinda. Rosaline akamtikisia kichwa. Macho yake yalikuwa yamelowa. Akanyoosha kiganja, akakishusha kuelekea sakafuni.

Tukapunguza. Akashusha tena, tukapunguza tena, mpaka Makokha akawa anaugusa ubao kama mtu anayebisha hodi kwa mgonjwa. Kayamba likajikuta peke yake, likaona haya.

"Ati wamemaliza?" mama mmoja aliuliza mstari wa mbele.

"Shh! Bado. Si unaona miguu?"

Watu wakainama mbele wapate kusikia. Chupa zikawekwa chini. Mstari baada ya mstari, ukumbi ukanyamaza hadi nyuma kabisa.

Hapo Rosaline akaanza, peke yake, kwa ncha ya kiatu. Ulikuwa mstari mrefu, mwembamba, uliopanda, ukasita pale mwimbaji anapovuta pumzi, kisha ukashuka ukicheka. Nilizijua pumzi zile. Miaka mingi nilisimama nyuma yake kanisani. Tukaingia chini yake, alto, teno, halafu besi, tukakua naye, tukavimba mpaka jukwaa likatetemeka, na bado hakuna aliyepiga kofi. Nilitaka kupaza sauti kwa furaha. Alipopiga pigo la mwisho watu walibaki wametumbua macho, hawajui kama inaruhusiwa kushangilia.

Mzee Wabwile alikuwa mlangoni, kreti ya soda mikononi. Alikuja nayo mpaka jukwaani.

"Ile sauti ya juu, ya mbele. Ni nani?"

Rosaline alifungua kinywa. Akakifunga, akitabasamu. Basi akainua mguu akamjibu: ta-ka ta.

Ukumbi mzima ukainuka. Vigelegele, viti, kayamba likarudi, Barasa akipiga kelele kwamba Kitale wameua! Mzee alitwambia kitu, hatukukisikia. Akatua kreti, akampokonya Barasa kipaza sauti, akawageukia watu wake.

"Nyamazeni, bana! Warudie tena. Hamsikii watu wanaimba?"