Kiyoyozi cha Pikapu ya Mwalimu

Tulimwita Kipupwe kwa sababu alitengeneza viyoyozi vya magari, ingawa mwenyewe alitokwa jasho kuliko sisi sote gerejini. Mimi ni fundi wa viti. Banda langu na lake yametenganishwa na bati moja, na kwa miaka kumi na tisa nimemsikia akigombana na wateja kwa neno lile lile: gesi.

"Fundi, niongezee gesi."

"Ile ya kwanza imekwenda wapi? Imetoka kunywa chai?"

Kama hukuwa tayari kumwachia gari atafute panapovuja, alikuonyesha geti. Ni mbishi, tena mbishi wa kuudhi, na ndiye rafiki yangu.

Jumatatu moja mwalimu mstaafu, aliyetufundisha wote wawili kusoma, alituletea pikapu yake. Gari lenyewe lina umri mkubwa kuliko wanawe, na kiyoyozi chake kilikufa zamani. Mkewe alikuwa mgonjwa wa moyo, na daktari alikwisha kuwaambia warudi tu nyumbani. Mama wa watu alibaki na haja moja: kumwona dada yake mkubwa, mwendo wa saa tano kwa gari. Joto lilimkata pumzi. Gari la kukodi hakulitaka, kwa kuwa kiti cha mbele cha pikapu ni kimoja kirefu, angeweza kujilaza, kichwa mapajani kwa mumewe. Sponji ya kiti hicho niliiweka mimi.

"Nitilie gesi tu, fundi," Mwalimu alisema. "Hata ikikaa wiki mbili."

"Mwalimu, wewe ungempa mwanafunzi majibu ya mtihani?"

Mzee akacheka, akamkabidhi ufunguo.

Jumanne Kipupwe aliifungua kompresa, ile pampu ya gesi, akakuta imekwama haizunguki kabisa. Akatafuta nyingine kwenye magari yaliyokufa. Jumatano akabadilisha mabomba ya mpira yaliyopasuka. Alhamisi akayajaza upepo, akapaka povu la sabuni kila kiungo, na nyuma ya dashibodi povu likatoa kipele kidogo kama kichwa cha pini: panavuja. Akaanza kufungua upya.

"Bwana wee, tia gesi," nilimwambia. "Mwenye gari ana mgonjwa."

"Ikizima katikati ya njia, mama akakosa pumzi, utampepea wewe?"

Nikarudi kwenye viti vyangu. Mpaka leo sijui ningempepeaje, na bado namlaumu.

Ijumaa saa nne asubuhi pikapu ilipuliza baridi. Kipupwe alinivuta mkono mpaka kwenye matundu ya dashibodi nihisi mwenyewe, huku akichezacheza mabega kama bwana harusi. Akampigia Mwalimu, simu ameiweka kwenye spika maana mikono ilijaa grisi.

"Shikamoo Mwalimu! Gari tayari! Mama anaendeleaje?"

"Marahaba. Mama amepumzika, fundi. Tangu alfajiri."

"Vizuri sana! Mwache apumzike, Mwalimu, asisumbuliwe kabisa. Safari ni ndefu."

Mimi nilikuwa nimeshaelewa. Nilimpungia mkono anyamaze, akadhani nampongeza, akanikonyeza. Mwalimu akasema, "Ahsante, fundi," akakata.

Ikabidi nimwambie. "Kipupwe, mama amefariki."

Alikaa chini juu ya tairi. Machozi yakamtoka, akayafuta kwa ile ile mikono ya grisi. "Nimesema vizuri sana," akasema. "Umenisikia? Nimesema vizuri sana."

Mwalimu aliamua mkewe azikwe kwa dada yake, afike huko alikotaka kufika. Jumamosi akamwomba Kipupwe aendeshe. Hakumtajia habari ya simu, si siku hiyo wala baadaye. Jeneza likawekwa nyuma, wanawe wawili wakakaa kando yake kulishikilia, na sisi watatu tukaketi mbele kwenye kile kiti kirefu. Kipupwe akawasha kiyoyozi. Baridi ilikuja safi, bila kelele wala harufu. Katika kazi zake zote sijaona nyingine iliyofikia ile.

Tulipotoka mjini, Mwalimu aligeuka akatazama nyuma kupitia kioo.

"Zima, fundi," akasema taratibu. "Mwenyewe yuko nyuma, juani."

Kipupwe akazima. Tulikwenda hivyo mpaka kwa dada, jasho likitutiririka, na hakuna hata mmoja wetu aliyeshusha kioo.