Alasiri Niliyongoja Kukatizwa

Mtaa wa Ziwani wa utotoni mwangu hunijia polepole, kama usingizi wa mchana. Kwanza naisikia orutu ya baba, ile fidla yetu ya uzi mmoja, ikilia nyuma ya pazia lililogawa chumba chetu. Akimaliza kupiga aliisukuma chini ya kitanda. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama kila alipokwenda kazini, hadi vidole vikajua njia vyenyewe.

Aliponifumania hakunichapa. Alinionyesha namna ya kuushika upinde, kisha akaniambia mambo hayo yaishie humo chumbani, maana mwanamke hapigi orutu mbele za watu. Alisahau ukaidi wangu niliurithi kwake. Nilipotimiza miaka ishirini, mpigaji wa chama cha watu wa kwetu alihamia Kisumu, nikaomba nafasi yake, nikapewa. Baba akasema hatakuja kutazama aibu.

Kwetu, muziki ukinoga, msikilizaji huinua mkono. Mpigaji husimama, naye mwenye mkono hujisifu: yeye ni mwana wa nani, mkwe wa nani, ana ng'ombe wangapi. Kisha muziki huendelea. Kumkatiza mpigaji ndiko kumheshimu. Asiyekatizwa ni kama hakupiga.

Jumapili yangu ya kwanza, katika ukumbi wa mtaa, nilipiga wimbo wa kwanza, wa pili, wa tatu. Hakuna aliyeinua mkono. Jua la alasiri liliingia madirishani, vumbi likaelea, wanaume wakanywa soda zao taratibu. Nilipiga vizuri, wala sioni haya kusema hivyo. Niliuchukia kila mkono uliotulia pajani. Niliumia sana, nikaapa kwamba wimbo wa nne ungekuwa wa mwisho maishani mwangu.

Katikati ya wimbo huo, mkono ukainuka mlangoni. Nikausimamisha upinde. Alikuwa baba, amevaa koti lake la kanisani, vifungo vyote vimefungwa.

"Mimi," alisema. Kujisifu alikujua kuliko wote ukumbini, lakini siku hiyo hakumtaja babu wala ng'ombe. "Mimi ni baba ya huyu msichana anapiga."

Akaketi. Desturi ilinitaka niendelee palepale, nikashindwa. Mikono mingine ilikuwa imeshainuka, nami nilikuwa bado nautafuta uzi kwa machozi.