Furu wa Supu ya Mzazi

Mwaka jana, nikiwa muosha sufuria kwenye meli ya mizigo, tulipita Mfereji wa Suez tukatia nanga Mediterania. Sokoni nikakuta tasi, samaki ninayemjua kutoka pwani yetu. Nikamuuliza mama muuzaji, kwa Kiingereza chetu cha kuungaunga, samaki hao wamefikaje huko. Akanyoosha kisu kule tulikotoka. Mfereji ulichimbwa meli zipite, na samaki wa Bahari ya Shamu nao wakapita. Sasa tasi wametafuna majani ya bahari mpaka mawe yamebaki uchi, na samaki wa zamani hawana pa kujificha. Alivyokunja uso, rafiki yangu, nilimwona bibi.

Bibi aliishi Kamanga, ng'ambo ya Mwanza. Enzi hizo ziwa lilijaa furu, visamaki vya ukubwa wa kiganja, vyekundu, vya bluu, vya njano. Sisi watoto tuliwavua kwa nyungunyungu. Yeye aliwatunga kwenye vijiti na kuwabanika, moshi ukaingia hadi kwenye sare zetu za shule. Mwanamke akijifungua, kwa bibi ilikuwa lazima anywe supu ya furu, la sivyo maziwa hayashuki. Kisha watu wakamleta sangara ziwani, samaki mkubwa anayemeza wadogo, na furu wakaanza kupotea.

Mama mdogo akajifungua binti wakati huohuo. Maziwa hayakutoka, mtoto akalia mpaka sauti ikakauka. Tulizunguka mwalo mzima, pale wavuvi wanaposhusha samaki, hatukupata furu hata mmoja. Jirani yetu mvuvi akaja na sangara begani, mkia ukimgonga visigino.

"Mayu, mama yetu, samaki ni samaki. Mpikie mzazi."

"Huyo mla wenzake? Mrudishe kwako."

"Nimrudishe wapi? Mke wangu kashanifukuza na mwingine kama huyu!"

Bibi akacheka, akachukua kisu walau ampasue. Tumboni mwa sangara walijaa furu, bado wana rangi zao. Kisha akawatoa, akawaosha kwa chumvi na ndimu, akabandika sufuria.

"Wamekuja kwa usafiri wao," akasema.

Jioni mtoto alinyonya mpaka akasinzia. Sangara tulimla sisi, na alikuwa mtamu, ingawa hakuna aliyethubutu kusema.

Tangu hapo bibi alipasua kila sangara kwa matumaini. Akawa anakuta dagaa, baadaye sangara wadogo tu.

Juzi nimerudi Kamanga. Yule binti wa mama mdogo kajifungua kitinda mimba wake, nami nikapewa bakuli la supu ya sangara.

"Kunywa, kaka," akaniambia. "Hii ndiyo supu ya mzazi ya asili, ile ya bibi."

Sikumsahihisha. Nilipuliza, nikanywa, nikaomba nyingine.