Bomba la Baba Mkwe

Nilipoolewa kijijini Iyolwa, karibu na mpaka wa Kenya, uhuru ungali mbichi, baba mkwe ndiye aliyekuwa fundi wa chemchemi yetu. Mimi nilitoka Buhehe na lugha ya kwao ilikuwa bado inanishinda, kwa hiyo tuliongea Kiswahili cha sokoni. Tuliongea? Nasema uongo. Mke wa mwana hasemi na baba mkwe ana kwa ana, wala hainami mbele yake.

Nayo chemchemi ilitokea mteremkoni, chini kabisa usawa wa ardhi, kuchota ni kuinama mpaka paji liguse magoti. Mzee akatuonea huruma. Akalizungushia jicho la maji ukuta wa mawe, akaziba nyufa kwa udongo wa mfinyanzi, akapachika bomba juu, usawa wa kiuno, ili tukinge mitungi tukiwa wima. Nilimpenda siku ile.

Maji hayakumpenda. Siku ya tatu bomba likakauka, na pembeni, shambani kwa jirani, viazi vikaanza kuogelea. Mzee akaongeza mawe. Kadiri alivyopandisha ukuta, ndivyo maji yalivyozidi kwenda kwa jirani. Hapo niliogopa kweli. Kiangazi kilikuwa mlangoni, na maji yakishahama hayarudi kwa kubembelezwa.

Kwetu Buhehe tulishafanya kosa hilohilo. Lakini nimwambieje? Kando alifungwa mbuzi, akingoja kuchinjwa siku ya kufungua bomba. Nikamgeukia yeye.

"Wewe mbuzi," nikasema, kwa sauti ya kusikika mpaka Kenya, "maji hapana panda mlima. Kwetu bomba nawekwa chini ya jicho. Kama watu nataka simama, nachimba pale ya kusimama."

Mbuzi akatafuna. Mzee akabaki na jiwe mkononi, akimtazama mbuzi kana kwamba ndiye mwenye akili pale. Kisha akabomoa. Akashusha bomba, akachimba chini yake shimo lenye ngazi za mawe na mfereji wa kutolea maji mteremkoni. Kesho yake bomba lilitapika maji tele, nikakinga mtungi nikiwa wima. Machozi yalinitoka, sifichi.

Siku ya sherehe wanaume walikuja na kisu. Mzee akasimama mbele ya mbuzi.

"Hii hapana kata," akasema. "Ikikufa, mimi tasema aje na bibi ya mtoto yangu?"

Tukala maharagwe.