Maboga ya Mdachi

Juzi nilipanda mlima wetu pale Gatete, mtoto mgongoni, kutafuta kuni. Kuni sikupata. Nilikuta boga moja limejiotea katika duara la udongo mweusi, upana wa mikeka miwili hivi. Nikalijua lile duara. Hasira ikanipanda, nikakaa chini, nikamnyonyesha mtoto hapohapo.

Wewe hukuuona mlima ule siku za Mdachi. Ulikuwa na miti mpaka juu. Mjomba alichoma makaa ya mhunzi wa boma, kule Usumbura. Tanuri lenyewe lilikuwa hivi: magogo yamelazwa, juu yake majani, juu tena udongo, halafu moto unakula ndani kwa ndani siku nyingi, unasikia pa, pa, kama mtu anavunja njugu. Kazi yangu ilikuwa kuziba kwa tope kila tundu moshi ulipochungulia. Hata bugali niliokula ulinuka moshi. Bibi, mama yake mjomba, alilima maharagwe chini ya mteremko. Dagaa walikuja siku wakitaka. Maharagwe ndiyo yaliyotulea.

Tanuri la kwanza lilipofunguliwa, bibi alipanda mbegu za maboga penye doa jeusi lililobaki. Udongo wake ulikuwa mwepesi, unapita vidoleni kama unga. Maboga yakavimba hata jirani akasimama njiani kucheka: "Haya ni maboga ya Mdachi. Angalia hayo matumbo!" Jina likashika.

Hapo mjomba akapata wazo lake. "Mama, makaa inanenepesha udongo. Tuchome mlima wote, utalima mpaka juu."

Bibi hakubishana. Alichukua kibuyu cha maji, akamwaga nusu kwenye doa. Yakazama papo hapo. Akasogea hatua nne, mahali palipokatwa miti na kukanyagwa na wabeba magogo, akamwaga yaliyobaki. Yakateremka mbio mpaka miguuni mwa mjomba.

"Doa limekunywa," alisema. "Hapa pametema. Sasa niambie, mwanangu, doa iko kubwa namna gani, na hapa iko kubwa namna gani?"

"Mama, hayo ni maji ya kibuyu tu."

"Eh. Na mvua iko na kibuyu gani?"

Wabeba magogo waliokuwa pale walicheka. Mimi sikucheka, nilitaka maboga. Sijifichi: niliendelea kuziba matundu, tanuri baada ya tanuri, mpaka mlima ukabaki madoa meusi machache na upara mtupu katikati.

Mvua ilipokuja, madoa yalikunywa yalichoweza. Upara ulitema yote. Ilikuwa asubuhi, tunakula. Tulipotoka nje, maharagwe hayakuwepo, wala udongo wake. Mawe tu. Bibi aliokota jembe, akalifuta kwa nguo yake, akaliingiza ndani. Hakulishika tena mpaka tulipomzika. Mjomba yu hai, na hadi leo anasimulia maboga.

Nililichuma lile boga, nikateremka nalo ziwani. Kijito kinapoingia ziwa, maji yalikuwa mekundu mpaka mbali. Mvuvi mmoja akaona ninavyoyatazama.

"Mvua hiyo, dada," akasema.

"Si mvua," nikamwambia. "Ni mlima wetu. Shamba la bibi lilitangulia."